Imeonekana, Imesikika

Kitale,
6 Mei 2024

Mjomba Hesbon,

Natumai barua hii inakukuta mzima wewe na Aunty Judy, na kwamba mvua ya huko Bungoma ina adabu kuliko ya huku. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua anatembea mpaka kanisani na kurudi bila fimbo, kisha anatuambia ni maombi. Baba mdogo Kipsang amepalilia mahindi ya Endebess na analalamika kuhusu mbolea kama kila mwaka.

Nimekupigia simu mara nyingi tangu Machi. Inaita mpaka inakatika. Juzi ilipokewa, nikasikia pumzi, nikasema, "Mjomba, ni mimi Chepkemei." Nikasema tena. Halafu ikakatwa. Mama anadhani umekasirika kwa kuwa hatukuja Krismasi. Kama ni hivyo, tusamehe. Ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Sasa neno lenyewe. Unaukumbuka mradi wangu wa maji hapa Kipsongo: vituo tisa, na kila tangi lina redio ndogo inayoarifu kompyuta yangu kila robo saa maji yamebaki kiasi gani. Wewe mwenyewe ulikuja kunionyesha namna ya kufunga antena. Tarehe 22 Aprili wakaguzi wa masafa walikuja wakazifunga redio zote kwa lakiri. Wanasema ndizo zilizokuwa zikiziba mawasiliano ya ambulensi ya ushirika wa wakulima tangu Februari.

Kuna mama anaitwa Wacuka, anauza mboga karibu na kituo changu cha tatu. Asubuhi ya tarehe 11 Machi, saa mbili, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Majirani walipiga simu kwa ushirika, na ushirika ukamwita dereva kwa redio. Walimwita mara tatu na dereva hakusikia ila kelele. Alifika saa tatu na nusu. Mtoto, msichana, hakuishi.

Mjomba, sikujua. Nimehesabu. Kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi ile, redio zangu zilituma mara hamsini na nne. Nikimwona Wacuka barabarani nageuka kama niliyesahau kitu nyumbani.

Kikao cha kusikiliza shauri ni tarehe 25 Oktoba. Nikipatikana na kosa, kibali kinafutwa na mradi unakufa. Ripoti yao iliandikwa na fundi wa huko kwenu Bungoma. Nakuuliza kama mwalimu wangu: fundi anajuaje kwamba mawimbi ni ya redio hii na si ile?

Ni mimi mpwa wako,
Chepkemei


Bungoma,
10 Juni 2024

Mpwa wangu Chepkemei,

Barua yako niliipata tarehe 14 Mei. Unisamehe kwa kuchelewa. Hapa tu salama. Judy amevuna maharagwe kidogo na amenituma niseme kwamba hakuna aliyekasirika kwa sababu ya Krismasi. Bwana Balwant, mwenye warsha yetu ya redio, sasa haji warshani kwa ajili ya mguu wake, kazi yote iko chini ya binti yake Avneet, na binti anaiweza. Simu yangu ina ubovu. Usihangaike kunipigia.

Nasikitika sana kwa yaliyompata yule mama.

Umeuliza swali la kazi, nami nitakujibu la kazi. Wimbi tupu halisemi kitu. Ili libebe sifuri na moja ni lazima kitu kibadilishwe ndani yake: nguvu yake, au kasi ya mitetemo yake, au awamu yake, yaani pale linapoanzia kupanda na kushuka. Namna hiyo ya kulibebesha wimbi ujumbe ndiyo moduleshoni, na kila aina ya redio ina yake. Ukiliingiza wimbi kwenye kompyuta, linachorwa kwa nukta. La awamu mbili hukusanya nukta zake makundi mawili, moja kulia na moja kushoto, kama watu wa bwana harusi na watu wa bibi harusi kanisani. La awamu nne hukaa pembe nne. Mengine hujaza kioo chote kama miche kitaluni.

Lakini jicho peke yake hudanganyika, kwa hiyo Bwana Balwant alituwekea desturi tangu zamani. Fomu ya warsha ina safu mbili: Imeonekana na Imesikika. Kwanza unatazama nukta. Kisha unavaa vipokea sauti na kuusikiliza mkupuo mzima wa mawimbi, mwanzo mpaka mwisho. Ndipo unatia sahihi, moja kila safu.

Redio zako ni za awamu mbili. Mimi sijui nyingine za awamu mbili katika masafa yale upande wa Kitale. Kuhusu fundi aliyeandika ripoti siwezi kusema mengi. Ni mtu wa miaka mingi kazini.

Usiende kwa yule mama. Hakuna utakalomwambia likamfaa.

Msalimie dada yangu Wilkista. Mwambie goti alipake mafuta ya moto.

Mjomba wako,
Hesbon


Kitale,
15 Julai 2024

Mjomba,

Salamu tele. Mama amepaka mafuta ya moto na sasa goti halimuumi, ila nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Kipsang ameuza fahali. Mahindi yametoa mbelewele. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike, tukamwita Chepngeno, na shangazi yangu mwenye jina hilo ametununia.

Asante kwa maelezo. Nimeyasoma mara nyingi.

Huku mambo hayajapoa. Tangu redio zifungwe hakuna anayejua tangi gani lina maji, kwa hiyo watu wanabeba mitungi kutoka kituo hadi kituo. Jumanne nilikuwa kituo cha tatu nikipima tangi kwa kijiti, wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza.

"Ati engineer! Si utuambie basi ni wapi kuko na maji?"

"Muache, anapima na kijiti. Masomo imerudi darasa la kwanza."

"Heri kijiti. Kijiti haijaua mtoto wa mtu."

Wakacheka, halafu wakainamia mitungi yao kwa pamoja. Wacuka alikuwa amefika na mtungi wake. Walimpisha apite mbele, akakataa, akauweka mtungi nyuma ya foleni kama wengine. Alipofika kwangu aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," akaniambia.

Basi. Akajaza maji akaenda. Mjomba, ningependa angenitukana.

Kuna jambo lingine. Kipchirchir, yule dereva wa ambulensi, alinisimamisha sokoni. "Madam, hii redio bado inakoroma bana. Jana imeniziba kutoka Kiminini mpaka hapa. Sasa wewe si walikufungia?" Nikamwambia walifunga zote tisa. "Basi iko na ya kumi," akasema, nadhani kwa utani. Lakini neno lilizunguka. Alhamisi wazee wa mtaa walikuja kutafuta redio ya kumi nyumbani kwetu. Waliangalia mpaka chini ya kitanda cha Mama. Akawaambia, "Mkimaliza hapo, kuna kuku anaatamia kule nyuma. Inueni pia, mhakikishe ni mayai." Waliondoka bila kunywa chai.

Nakuomba, kama una njia, mawimbi yale yaangaliwe tena. Nilikuwa nimekubali kwamba ni mimi. Sasa sijui nimekubali nini.

Chepkemei


Bungoma,
26 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika. Hongera kwa ndama. Hapa mvua ya mawe iliharibu ndizi za jirani ila zetu zikapona. Judy ana mafua. Barabara ya kwenda Webuye inachimbwa na vumbi limeingia hadi ndani ya mashine za warsha.

Nimefikiri juu ya kikao chako. Kwa uzoefu wangu, wakaguzi huwa wapole kwa mtu anayekiri mapema kwa maandishi. Huenda wakakuachia kibali cha mwaka mmoja kwa masharti. Anayebishana nao huchoka bure. Lifikirie hilo.

Msalimie mama yako.

Hesbon


Kitale,
23 Septemba 2024

Mjomba Hesbon,

Hatujambo. Mama anaendelea vizuri, na Kipsang ameanza kukata mahindi. Leo sina habari nyingi za nyumbani.

Nimeandika barua ya kukiri kama ulivyonishauri. Iko hapa mezani, bado sijaitia sahihi. Mwisho wa kuipeleka ni tarehe 18 Oktoba. Nimeandika kwamba redio zangu zilimzuia dereva asisikie, na kwamba najutia kifo cha mtoto wa Wacuka. Nilipofika kwenye jina la mtoto niligundua sikulijua. Nilimtuma Mama aulize. Walikuwa wamemwita Wanjiku.

Sasa nikwambie jambo ambalo ningekwambia tangu Mei. Siku ile ya lakiri wakaguzi walinipa nakala ya ripoti. Jina lako nililiona hapo hapo, chini, kwa ule mwandiko wako wa herufi zilizosimama wima. Sikukasirika. Nilingoja uniambie mwenyewe, na uliponiandikia kwamba fundi ni mtu wa miaka mingi kazini nikajua hutaki, nikaacha.

Unajua kwa nini sikupinga? Kwa sababu ni wewe. Angekuwa fundi mwingine yeyote ningeenda kuazima kipokezi nikapime mwenyewe. Lakini nilitazama ile fomu nikaona sahihi mbili, Imeonekana na Imesikika, nikasema basi. Mjomba akisema amesikia, amesikia. Nilienda kuzima kompyuta kabla wakaguzi hawajamaliza kufunga kituo cha pili.

Kwa hiyo sikuombi uipunguze ripoti yako, wala unitetee. Nataka jambo moja nikitia sahihi nilijue. Redio zangu nazijua kwa mlio: mvumo mmoja wa chini toka mwanzo hadi mwisho, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Hebu niambie, siku ile ulipovaa vipokea sauti, ulisikia nini?

Chepkemei


Bungoma,
9 Oktoba 2024

Mpwa wangu Chepkemei,

Usiitie sahihi barua ile. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, uniwie radhi. Ichome, au umpe mama yako awashie moto.

Judy hajambo. Mimi sijui niseme sijambo au vipi.

Umeuliza nilisikia nini. Sikusikia kitu. Masikio yangu yalianza kufa mwaka 2021, kwanza sauti nyembamba: ndege, kengele ya baiskeli, watoto. Sasa hata ya mtu siipati kama simwangalii mdomo. Hakuna aliyeambiwa. Hapa mjini bado wananiita Sikio. Zamani Bwana Balwant alikuwa akileta wageni warshani, ananifunga kitambaa machoni, anawasha redio yoyote, nami nawatajia ni ya aina gani. Ningemwambiaje binti yake kwamba Sikio hasikii? Simu yangu haina ubovu.

Nina daftari ninaloandika kila siku, unalijua, ulikuwa unalicheka ukiwa mdogo. Nakunakilia ilivyo, bila kurekebisha.

"14 Machi. Kazi ya ambulensi. Nukta makundi mawili, safi. Vipokea sauti: sikupata kitu, labda mvumo mfupi mwanzoni. Avneet alikuwa mlangoni akingoja fomu. Nimetia sahihi safu zote mbili."

"4 Mei. Chepkemei amepiga. Nimepokea. Kwenye simu hakuna midomo. Nimekata."

"9 Agosti. Malalamiko ya ambulensi yamerudi. Nimenasa mkupuo mzima. Mwanzo makundi mawili, kisha manne. Nimerudia mara kumi na mbili. Ni manne."

"13 Agosti. Nimeufuata kwa antena ya mkono mpaka kwenye uzio wa shamba kubwa upande wa Endebess. Ni mtambo wa kuendeshea pampu za maji. Umewekwa Februari. Sikuingia."

"26 Agosti. Nimemwandikia Chepkemei akiri."

Nikueleze kosa lenyewe, maana wewe utalielewa. Kompyuta ya warsha ilikuwa imejaa, nikawa nimekiweka kinasa mawimbi kihifadhi mwanzo tu wa kila mkupuo, sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mtu anayesikia halina hatari, kwa sababu anayebaki kuusikiliza mkupuo mzima ni sikio. Sasa mitambo ya namna ile huanza kila mkupuo kwa utangulizi wa awamu mbili, ili kipokezi kijipange, halafu hubadili kwenda awamu nne kwa ujumbe wenyewe. Mimi nilinasa utangulizi nikauita ujumbe. Mwenye masikio angesikia mvumo mfupi kisha mchakacho, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Asingehitaji hata sekunde mbili. Ndiyo sababu safu ya pili iko pale, na mimi niliijaza uongo.

Hilo ni la Machi. Kuna lililo chini yake. Masafa yako niliyajua, mimi ndiye niliyekufungia antena. Nilipoona makundi mawili nilikufikiria wewe mara moja. Ningeweza kumwita kijana yeyote wa dukani anisikilizie. Badala yake nilijiambia kwamba sheria ni sheria hata kwa mpwa, na nikatoka warshani siku ile nikijiona mtu mwadilifu. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa ajili ya huo uadilifu.

Na lile la Agosti sina udhuru wa kuliwekea mbele. Nilijua. Nilijua kwa siku kumi na saba, nikakuandikia ukiri. Niliona kwamba ukikiri hakuna atakayeifungua fomu ile tena. Uliniandikia kuhusu Wacuka na "umekonda", na bado nikaandika.

Juzi nilimwendea Avneet. Nilimwomba akae upande wa dirisha nimwone vizuri.

"Fundi, unataka kuniambia juu ya masikio," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Tangu mwaka jana. Nauliza 'umekula?' unajibu 'iko juu ya meza.'"

"Mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu fomu zako zote zilikuwa sawa." Nadhani alisema hivyo. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Ndipo nikamwonyesha fomu ambayo haikuwa sawa, na daftari, na nukta nne. Kisha alivaa vipokea sauti yeye mwenyewe, akasikiliza, na nikamwona uso ukibadilika. Hakunifokea. Alisema tu, "Mchanga," nikalisoma neno hilo mdomoni mwake.

Ameandika barua kwa wakaguzi kwa jina la warsha, nami nimeandika yangu kwa jina langu. Anazipeleka kwa mkono wake kesho. Nakala ya yangu iko ndani ya bahasha hii. Imetaja uongo wa safu ya pili, tarehe niliyojua ukweli, na shamba lenye mtambo. Sitaandika ripoti tena. Nimebaki kuunganisha nyaya, kazi ya macho.

Ukiona vema umpe Wacuka nakala. Nilikukataza kwenda kwake, na sasa unajua nilikuwa namlinda nani.

Siwezi kukuomba kitu.

Hesbon


Kitale,
20 Novemba 2024

Mjomba,

Nimechukua muda. Nilianza barua hii mara nne.

Kipsang amemaliza kupura mahindi. Ndama anakula nyasi. Mama nilimsomea barua yako yote, mwanzo mpaka mwisho. Aliuliza kama umetaja siku ile ya Agosti mara moja au mara mbili, nikamwambia mara mbili. Tangu hapo hajasema neno juu yako. Hakunituma salamu, kwa hiyo siandiki salamu zake.

Wakaguzi walilifuta shauri langu, wakakata lakiri tarehe 4 Novemba. Mtambo wa lile shamba umezimwa mpaka urekebishwe. Kipchirchir anasema redio yake sasa imetulia, "hata nasikia dispatch kule ofisini wakikula mandazi." Wale wanawake wa kituo cha tatu wananiita engineer tena, ila sasa hawacheki wakisema, na hilo nalo ni gumu kulizoea.

Nilifikiri nitalala. Kumbe nimeizoea ile hamsini na nne. Bado naihesabu nikiamka, kisha nakumbuka si yangu, kisha naihesabu.

Kosa la Machi nalielewa, Mjomba. Mtu anaweza kuogopa kupoteza kazi yake na jina lake. Barua ya Agosti bado. Niliiweka pamoja na nyingine, nikaitoa, nikaiweka peke yake. Sijui itakaa huko mpaka lini.

Jumapili nilienda kwa Wacuka na nakala yako. Alikuwa akifunga mboga mafungu. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia, akauliza, "Huyu ni mjomba wako wa damu?"

"Ni ndugu ya mama."

"Na hasikii?"

"Hasikii."

Alifunga fungu moja, akalifungua, akalifunga tena. "Unajua nini? Miezi saba nimekuchukia vizuri. Nikiamka najua mahali pa kuiweka hiyo chuki. Sasa umekuja kuniambia niipeleke wapi? Kwa pampu?"

Niliketi nikamsaidia kufunga mboga. Zilipokwisha aliuliza kwa nini hukuja mwenyewe. Nikasema sijui, labda unaona aibu. Akasema aibu yako haijawahi kumfikia hapa Kipsongo, hajaiona, kwa hiyo haimsaidii.

Anataka uje. Jumamosi tarehe 30, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, si kwangu. Anataka kukueleza ile asubuhi ilivyokuwa, kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu, na anataka usikilize yote. Nilimwambia nitakaa kando niandike kila neno ili usome. Akakataa.

"Usiandike," akasema. "Mimi nitaongea polepole. Yeye aniangalie tu usoni mpaka nimalize."

Nitakungoja stendi saa tatu.

Chepkemei